Mbuni Mwenye Chapa ya Ukoo Wetu

Wiki iliyopita niliitwa semina Lodwar, katika ile hoteli mpya iliyo upande wa mto Turkwel, na wewe unanijua: mimi nikisikia neno semina masikio yangu husikia sambusa. Nilifika kabla ya wenye semina. Nikanywa chai, nikala na sambusa za watu ambao hawajafika, kisha nikatoka kunyoosha miguu. Nyuma ya jikoni, ndani ya ua wa waya, nikamkuta mbuni dume amesimama juani, jua lile la Lodwar linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzifua. Vijana wa semina walioanza kufika walikuwa wamempa mgongo, simu juu, wanajipiga picha naye. Kila mtu alikuwa na habari ya shingo na yale macho makubwa. Mimi nilijikuta nimeinama kama mtu aliyeangusha pete, natafuta paja lake.

Kijana mmoja akaniuliza, "Mathe, umepoteza nini?"

Nikamwambia sijapoteza kitu. Lakini wewe nitakueleza.

Sisi tulikaa Kakuma, upande wa wenyeji, ng'ambo ya laga ya Tarach ukitazama kambi ya wakimbizi. Kama hujawahi kuona laga, ni mto wa kibarua: karibu mwaka mzima hauko kazini, halafu siku moja unafika na hasira zote kwa pamoja. Siku za kawaida ulikuwa mchanga mtupu. Sisi watoto tulichimba visima humo kwa mikono na bakuli, maji yakajitokeza taratibu kama mtu aliyeamshwa bila kutaka. Asubuhi zetu zilikuwa kengele za mbuzi, moshi wa makaa ya Mama, na matunda ya mkoma tuliyoyatafuna mpaka meno yakabadilika rangi. Jumapili ngoma za kanisa zilitoka kambini, Wasudani wakiimba hadi mabati yakataka kupaa. Pale njia ya kambini inapoanza alikaa jirani yetu Msudani, mama mrefu kuliko mlango wake, aliyeuza chai na unga. Mama alimpelekea makaa, yeye akatupimia unga wa mgao, na mimi nikapewa chai yenye sukari nyingi hata kijiko kikasimama wima.

Baba alikuwa amebakiwa na mbuzi wachache. Kwetu, ujue, mwanamume anayejiheshimu haitwi kwa jina alilopewa na mamake. Anaitwa kwa fahali wake, yule aliyemchagua tangu ujana, akamkunja pembe, akamfunga kengele shingoni, akamwimbia. Fahali wa Baba alikufa kwa kiangazi kabla sijajua kutembea vizuri. Watu waliendelea kumwita kwa jina la yule fahali kwa heshima tu, na kila walipomwita uso wake ulifanya kama mtu aliyekanyaga mwiba lakini ana wageni.

Siku moja baadhi ya mbuzi wetu wakapotea, Baba akawafuata tambarare za kuelekea Kaikor. Aliporudi hakuwa na mbuzi. Alikuwa na kitu ndani ya shuka, kidogo, chenye manyoya kama nungunungu aliyechana nywele.

Nyanya akamtazama. "Umeenda kutafuta mbuzi, umerudi na kuku?"

"Si kuku, mama. Ni mbuni. Wenzake wameliwa."

"Ana miguu miwili na hana maziwa. Huyo ni kuku."

Lakini ni Nyanya huyo huyo aliyeenda kuvunja kichuguu akarudi na bakuli la mchwa, akamlisha mmoja mmoja kama anayemlisha askofu. Nilipewa mimi nimlaze, akalala kwapani mwangu chini ya ngozi ya mbuzi. Kila asubuhi nilimkuta amezidi kimo cha jana. Ukikaa kimya kabisa ungeweza kusikia shingo ikikua.

Tulimwita Karani, kwa sababu alitembea kama karani wa mgao: mikono nyuma, kichwa ndani ya kila nyumba, anakagua watu bila kuwasalimu. Na kila kinachong'aa alikiweka mfukoni, ila mfuko wake ulikuwa tumboni. Alimeza vifuniko vya soda. Alimeza balbu ya tochi ya Baba. Alimeza hereni ya Nyanya ikiwa bado sikioni, ikabidi sikio lenyewe lipiganiwe. Msalaba mdogo wa jirani yetu Msudani uliondoka shingoni mwake akimimina chai. Alipiga kelele kwa Kiarabu cha Juba mpaka wateja wakalipa haraka wakaondoka, halafu akacheka, akaniita msichana kwa lugha yao: "Ya bineya, ndege yako sasa ni Mkristo kushinda mimi."

Kifungo cha juu cha sweta yangu ya shule nacho kilienda siku moja nikiwa nasoma kwa sauti. Mwalimu aliniuliza kifungo kiko wapi. Nikamwambia kimeliwa na mbuni. Nilichapwa kwa kusema uongo, na huo ndio ulikuwa ukweli pekee niliousema darasani mwaka ule.

Sitakuficha, kumfuga kulikuwa kazi kuliko kufuga wazimu. Akishtuka hukimbia kwanza ndipo aulize. Aliangusha ua wetu mara nyingi hata Baba akaacha kuusimamisha upande mmoja. Teke lake lilimpata mbweha aliyekuja kuvizia wana-mbuzi, na mbweha yule hadi leo hajatua. Dawa yake ilikuwa moja tu, giza. Nilimvika kichwani mkono wa sweta yangu, na papo hapo mnyama mzima, miguu, mbawa, kelele zote, akawa mpole kama mzee kanisani. Ukiushika ule mkono wa sweta angekufuata hata Uganda. Hakukubali kuvikwa na mtu mwingine, labda kwa sababu ya harufu yangu.

Naye alijiona mbuzi. Aliondoka na mbuzi asubuhi, akarudi nao jioni vumbi likiwa jekundu. Mbuzi wakipiga magoti kunywa kisimani, naye akapiga magoti. Nilikuwa nikikaa juu ya ukingo wa mchanga nawatazama, vichwa vidogo vingi na kile kimoja kilichosahau kuacha kukua, na sijawahi tena kushiba namna ile bila kula.

Watu waliokuja kumtazama walimzoea, utani ukaanza. Wazee wenzake Baba wakaanza kumwita Baba kwa jina la Karani, kama vile Karani ni fahali. Mara ya kwanza alinuna. Mara ya pili akajifanya hakusikia. Kisha jioni moja nilimsikia ameketi kwenye kigoda chake zizini, anaimba kwa sauti ya chini, na wimbo haukuwa wa fahali aliyekufa. Ulikuwa na shingo ndefu ndani yake.

Shida ilikuja na urembo. Mbuni dume huanza rangi ya vumbi, halafu akipevuka anageuka mweusi, mweusi wa masizi, na ncha za mbawa na mkia zinakuwa nyeupe kama maziwa. Karani alipogeuka alianza kucheza. Angeketi chini katikati ya zizi, mbawa zimefunguliwa, anayumba huku na huku, na asubuhi alinguruma kifuani hata wageni wa kambini wakauliza kama tuna simba. Na vijana wetu, unajua wanavyopenda manyoya ya mbuni kichwani siku ya ngoma. Walianza kupita kwetu wakiwa na mikuki na hawana safari.

Mmoja akaniambia, "Dada, hilo jogoo lenu tutalivuna lini?"

Nyanya akamjibu kutoka ndani, "Anza na ndevu zako, zikiota."

Lakini Baba hakucheka. Mbuni ni mnyama wa porini, na wa porini hana mwenyewe. Anayemchoma mkuki kwanza ndiye mwenyewe. Mbuzi wetu tuliwakata masikio kwa alama yetu. Karani masikio yake yalikuwa tundu tu, hakuna pa kukata. Ngamia, punda na ng'ombe hupigwa chapa ya ukoo kwa chuma cha moto, na chapa ile ikishakaa, mtu akimgusa mnyama huyo amegusa ukoo mzima. Basi Baba akawasha moto, akaweka chuma. Nyanya akamuuliza kama jua limempiga. Katika historia ya Waturkana wote, kutoka Lowarengak hadi Kapedo, sidhani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumpiga ndege chapa.

Nilimvika sweta, nikamshika shingo. Paja la mbuni halina manyoya, ni ngozi tupu kama ya mtu. Chuma kilipogusa, Baba alijikuta ameketi upande wa pili wa ua bila kupita mlangoni. Lakini chapa ilikuwa imekaa: mstari uliojikunja mwishoni kama ndoana, sawa na ule uliokuwa kwenye paja la fahali wake. Baba alijifuta vumbi akaitazama muda mrefu. "Sasa," akasema, "aje mtu."

Hakuja mtu. Vijana walipita, wakaona paja, wakaendelea na safari zao ambazo sasa zilipatikana. Ule ndio ulikuwa msimu wa furaha yangu, na kama nimeuongezea sukari kidogo unisamehe.

Kisha kiangazi kikakaa. Visima vya laga tulivichimba hadi mtoto akiingia ndani haonekani. Mbuzi walianza kulala asubuhi badala ya jioni. Kwa jirani wa upande wa juu alikufa mtoto mchanga, na watu walikuwa wamechoka hata kulia kwao kulikuwa kwa sauti ndogo. Wengi tulikuwa Wakristo, tuliomba kanisani kwa zamu. Lakini pia kulikuwa na emuron, mtu ambaye ndoto zake husikilizwa, na Jumatatu hadi Jumamosi watu waliuliza ameota nini.

Aliota mnyama wa kutolewa sadaka ili mvua inyeshe. Mweusi mwili, mweupe mwishoni, mwenye chapa ya ukoo wetu.

Walipita mazizini wakitafuta fahali mweusi mwenye mkia mweupe. Waliokuwa wa rangi hiyo walikuwa mifupa. Sijui nani alisema kwanza. Najua tu kwamba asubuhi moja wazee walikuja na vigoda vyao, wakaketi kivulini mwa ua wetu, na msemaji wao akamwita Baba kwa lile jina la Karani, kwa adabu, bila utani.

"Hatukuja kuchukua," akasema. "Tumekuja kuuliza. Mtu huombwa kilicho chake. Ukituambia yule ni ndege wa porini tu, na ile chapa ulikuwa unacheza, tutainuka, na hakuna atakayekusema."

Nyanya akatoka na kibuyu, akakitua kwa nguvu. "Alikuwa anacheza. Si mnamjua mwanangu? Nani anapiga kuku chapa na akili zake?"

Wazee wakatabasamu kidogo. Wakamngoja Baba.

Nilikuwa nimesimama na Karani zizini, na kutoka pale niliona wasichoweza kuona wazee walioupa ua mgongo: vijana, wamechuchumaa nje na mikuki yao, wanasikiliza. Baba naye aliwaona. Akisema ni wa porini, Karani asingefika jioni. Akisema ni wetu, ataenda na wazee. Niliomba Mungu ampe neno la tatu. Alimtazama Karani, akatazama paja, akanitazama mimi, halafu akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuimba.

"Ni wetu," akasema. "Chapa niliiweka mimi."

Nilikimbia hadi kwa jirani yetu Msudani. Nilimwambia amfiche kambini, kule chapa zetu hazina maana, na makaa nitamletea mimi mwenyewe maisha yangu yote. Aliacha birika likafurika. Akanivuta akaniweka kwenye mapaja yake kama mtoto mdogo, nami nilikuwa mkubwa tayari.

"Bineya, mimi hapa nimekaa kwenye ardhi ya mzee wako. Nikificha mnyama ambaye wazee wamemwomba, kesho nitachota maji laga gani?"

"Usiku umtoe."

"Yule? Yule anaonekana kutoka Sudan."

Tulicheka. Ndiyo maana sipendi kukumbuka siku ile, kwa sababu tulicheka.

Asubuhi ya kumchukua, Karani hakuenda. Walimvuta, akaangusha mzee mmoja. Msemaji akanitazama, kila mtu alijua kuhusu sweta. Niliiweka chini nikaikalia. Nilikuwa nimeamua kwamba hata wakiniinua nitainuka na mchanga. Baba alikuja akachuchumaa mbele yangu. Hakuniamuru. Aliniambia, "Wakimvuta hivi watamvunja mguu, na atakwenda tu akiwa amevunjika." Nikainuka. Akavua shuka lake, akajifunga begani sweta yangu iliyokuwa ndogo kama leso, akaisugua shingoni mwangu ipate harufu, akaenda kumvika mwenyewe. Na Karani akamfuata. Alimfuata mpole, mikono nyuma, kama anakwenda kukagua mgao. Wanawake na watoto hawaendi pale wanaume wanapokaa kuchinja na kula nyama. Nilimsindikiza kwa macho mpaka ile rangi nyeupe ya mkia ikawa ndogo kama kifungo.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa. Wazee wetu wanasoma matumbo ya mbuzi kama wewe unavyosoma gazeti: huu ni mto, huyu ni adui, hapa pana mvua. Walifungua ya Karani, wakayatandaza. Utumbo wa mbuni ni mrefu na hauna ramani yoyote wanayoijua. Walizunguka, wakainama, wakaitana. Mwisho yule mkubwa wao akajipangusa mikono akasema hakuona chochote pale, na kwamba labda ndoto ilikuwa ya fahali.

Kisha mtu akapasua firigisi.

Jioni msemaji alikuja kwetu na bakuli. Ndani yake, vimeoshwa, vimesuguliwa na mawe ya tumboni hata vikang'aa kuliko vilipomezwa, mlikuwa na hereni ya Nyanya, msalaba wa jirani, balbu, vifuniko vya soda, na kifungo changu. Alivigawa kwa upole, kimoja kimoja. Kila mtu alirudishiwa kilicho chake. Jirani yetu aliufunga msalaba kwenye kona ya nguo yake, hakuuvaa tena shingoni. Nyanya alichukua uzi akakishona kifungo kwenye sweta usiku ule ule, na sweta ilikuwa na harufu ya Karani, na sikuwa na nyingine. Jumatatu niliivaa shuleni. Mwalimu akaniambia, "Umeona sasa? Kumbe kilikuwepo."

Mvua ilikuja, baadaye sana, watu walipoacha kuitazamia. Laga ilishuka na hasira zake ikabeba kibanda cha chai cha jirani, ikabeba zizi letu, na mbuzi waliokuwa wamevuka kiangazi chote wakafa maji. Wengine walisema ndiyo mvua ya Karani. Wengine walisema Karani angetoa nzuri kuliko ile. Mimi nilisema na sasa nasema, haikuwa ya mtu.

Baba hawakuweza tena kumwita kwa jina lile, na la yule fahali walikuwa wameshaliacha. Wakawa wanamwita mzee, kama mzee yeyote barabarani. Hakuimba tena. Aliishi miaka mingi, na sikuwahi kumuuliza kama siku ile alisema "ni wetu" kwa sababu alimpenda, au kwa sababu hakuweza kukaa mbele ya wanaume wenzake akikana jina lake. Nilikua, nikaacha shule, nikazaa, nikarudi kumaliza darasa la jioni hapa Lodwar nikiwa na miwani, na siku tuliyoambiwa tuandike juu ya mnyama wa nyumbani niliandika juu ya paka. Sijawahi kufuga paka.

Siku hizi ukipita Kakuma, pale kwetu ni nyumba za mabati na lami ya lori. Nyanya hayupo, Baba hayupo, jirani alirudi kwao na sijui kama kwao palikuwepo. Mbuni porini utafute na helikopta. Hata chapa, wanangu hawaijui; nimeona mbuzi wameandikwa namba za simu kwa rangi.

Basi pale hotelini niliinama nikatazama paja. Lilikuwa safi, ngozi tupu, hakuna alama. Mguuni chini alikuwa na pete ya plastiki ya njano yenye namba. Alinyoosha shingo juu ya waya, akaanza kudonoa kifungo cha blauzi yangu, taratibu, kama anayenikumbusha. Kijana wa jikoni akaja mbio na ufagio.

"Mama, rudi nyuma kidogo. Huyu anakula vifungo."

"Ni wa nani?" nikamuuliza.

"Si wa mtu, mama. Ni wa hoteli tu."

Nikamwambia afadhali.